Vipande vitatu, wawili wanatosha: shajara ya kuzuia udanganyifu kwenye siri ya picha

Shajara hii inaeleza jinsi tulivyogawa namba ya sefu ya kikoba katika vipande vitatu vya plastiki, ili viongozi wawili wowote wakikutana waisome, na mmoja akiwa peke yake asiambulie kitu. Kugawa ni kazi nyepesi na wengi wameshaieleza. Kilichotuchukua muda ni jambo la pili: mtu akiletewa kipande cha kughushi akigundue palepale mezani, kwa macho yake, bila kompyuta na bila kumtegemea mtu mwingine. Naweka na gharama, ili kikundi kitakachotaka kuiga kijue kinaingia wapi.

13 Januari 2024: Kuchagua njia

Kikoba ni cha akina mama wa Muheza, mkoani Tanga. Miaka yote fedha zilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kama ilivyo kwa vikundi vingi vya kuweka na kukopa, na funguo zikawa kwa watu watatu. Kasoro yake wanaijua wote: mmoja akienda msibani sanduku halifunguki, na mwenye mtoto mgonjwa anasubiri mkopo mpaka mshika ufunguo arudi. Sasa imenunuliwa sefu ndogo ya tarakimu sita. Wanachama wanataka wawili kati ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina watoshe kuifungua, lakini asiwepo kiongozi anayeijua namba kichwani.

Hesabu ya kugawa siri ilitolewa mwaka 1979 na Adi Shamir na George Blakley, kila mmoja kwa upande wake. Njia ya Shamir inataka kukokotoa. Mwaka 1994 Shamir huyohuyo na Moni Naor walitoa njia ya picha: kila kipande ni plastiki angavu iliyojaa nukta zisizo na maana, na vipande viwili vikipandanishwa na kuinuliwa kwenye mwanga, maandishi yanajitokeza. Mama Mwenyekiti hana simu janja wala haitaki, kwa hiyo tukaanzia hapo.

Kanuni ya wawili kati ya watatu ni hii. Kila pikseli, yaani chembe moja ya picha ya siri, inageuzwa kisanduku cha nukta tatu, na kwenye kila kipande nukta moja tu ndiyo nyeusi. Panapotakiwa weupe, vipande vyote vitatu vinapata nukta nyeusi mahali pamoja. Panapotakiwa weusi, kila kipande kinapata mahali pake. Ukipandanisha viwili, kisanduku cheupe kinaonyesha nukta moja kati ya tatu, na cheusi kinaonyesha mbili. Ukiwa na kipande kimoja huna lolote, kwa kuwa nukta yako iko mahali pa bahati nasibu, pikseli iwe nyeupe au nyeusi.

Programu nimeiandika kwa Python. Jambo moja la kuangalia kwa anayeiga: msitumie moduli ya `random`, kifurushi cha kawaida cha Python cha namba za bahati nasibu. Namba zake zinatoka kwenye kanuni ya kukokotoa iitwayo Mersenne Twister, na mtu akikusanya matokeo 624 mfululizo ya biti 32 anaweza kuirudia hali yake yote na kutabiri yanayofuata. Kila kipande kimejaa matokeo ya bahati nasibu hiyo, kwa hiyo kipande chenyewe kinaweza kumpa mwenye utaalamu mlango wa kuingilia. Tumieni moduli ya `secrets`.

27 Januari 2024: Kuchapa

Plastiki tulizoanza nazo ni zile za kuwekea jalada la ripoti, shilingi 500 moja. Kwenye printa ya wino, wino haukukauka. Ukigusa unabaki kidoleni. Kwenye printa ya leza zilijikunja kwa joto na moja ikanasa ndani ya mashine. Tulimlipa mwenye duka shilingi 15,000 ya kuisafisha. Zinazofaa ni karatasi angavu zilizotengenezwa kwa ajili ya leza, ambazo hapa tunachapiwa kwa shilingi 2,500 kila moja.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kulinganisha. Nukta za nusu milimita zinavutia kwenye skrini, lakini mezani hazikubali: joto la printa linavuta plastiki kidogo, na kila karatasi inaingia kwenye mashine kwa mkao wake. Ukilinganisha pembe ya juu, ya chini imeshahama, na namba inamezwa na ukungu. Dawa yetu ina sehemu tatu. Nukta ziwe za milimita 1.5. Karatasi zote ziingie kwenye printa kwa upande uleule. Na alama mbili za msalaba zichapwe juu na chini, zitobolewe kwa panchi, kisha plastiki zivikwe kwenye ubao wenye misumari miwili. Toboeni kwa kufuata alama zilizochapwa, kamwe si kwa kufuata ukingo wa karatasi.

10 Februari 2024: Jaribio la kudanganya

Mwaka 2006 watafiti Horng, Chen na Tsai walionyesha kwamba njia hii, pamoja na kuficha siri kikamilifu, haina kinga yoyote dhidi ya wenye vipande wanaoshirikiana kumdanganya mwenzao. Sikutaka tuliamini andiko lao tu. Tukakubaliana na viongozi wote watatu: katibu na mweka hazina wacheze sehemu ya walaghai, mwenyekiti aletewe seti mbili za vipande, moja halali na moja ya kughushi, bila kuambiwa ipi ni ipi.

Kughushi kulikuwa kwepesi mno. Walaghai wanalinganisha vipande vyao kisanduku kwa kisanduku. Nukta zikiwa mahali pamoja, pikseli ni nyeupe, na kwa hiyo nukta ya mwenyekiti iko hapohapo. Zikitofautiana, pikseli ni nyeusi, na nukta ya mwenyekiti iko kwenye nafasi ya tatu iliyobaki. Maana yake, wameshakijua kipande chake chote, nukta kwa nukta, na hawajakigusa. Kinachobaki ni kuchapa kipande kipya: wanapotaka weupe wanaweka nukta palepale ilipo ya mwenyekiti, wanapotaka weusi wanaiweka pembeni. Kipande hicho kina nukta moja kwa kila kisanduku kama kingine chochote. Programu ya kukitengeneza ni mistari michache.

Namba halali ilikuwa 305822. Mama Mwenyekiti akavika plastiki kwenye ubao, akauinua dirishani, akasoma polepole: “Nne, saba, moja, moja, tisa, sita.” Nikamuuliza kama ana wasiwasi nayo.

“Sina, mwanangu. Hii inasomeka vizuri, sawa na ile nyingine.”

Alipoambiwa ndiyo ya uongo alizigeuza zile plastiki upande huu na huu kwa muda, kisha akauliza swali lililoongoza kazi yote iliyofuata: “Sasa siku hiyo nitamwambia nani, na nitaonyesha nini?”

Hapo ndipo penye madhara yenyewe. Walaghai wawili namba wanayo tayari. Hawahitaji kumdanganya ili waipate. Wanamdanganya ili siku ya ukaguzi asome namba isiyofungua, sefu igome, na lawama ziende kwa aliyegawa au kwa mama mwenyewe, huku wao wakipata muda wa kurudisha walichochukua. Siri imetunzwa vizuri, lakini mtu wa tatu hana ushahidi wowote. Mfumo wa namna hiyo siwezi kumkabidhi mama anayeaminiwa na kikundi kizima.

24 Februari 2024: Kuchepukia kwenye simu

Tulijaribu kuona kama njia ya kukokotoa ingetuokoa, kwa kuwa katibu na mweka hazina wana simu. Kila pikseli inagawiwa kwa njia ya Shamir (siri ni urefu wa mstari ulionyooka kwenye namba 0, na vipande ni urefu wake kwenye 1, 2 na 3), hesabu zote zikifanyika kwa moduli ya 251, yaani jibu linagawanywa kwa 251 na kinachochukuliwa ni salio tu. Hiyo ni namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 256. Ndiyo waliyotumia Thien na Lin mwaka 2002 walipogawa picha.

Udanganyifu huku ni mbaya zaidi, maana anatosha mlaghai mmoja. Martin Tompa na Heather Woll walilieleza hili mwaka 1988. Chukua mlaghai mwenye kipande namba 1 na mwenzake mwenye namba 2. Siri ya pikseli ni mara mbili ya thamani ya kwanza, ukitoa ya pili. Mlaghai akiongeza 188 kwenye kila pikseli ya kipande chake, siri yote inapanda kwa 376, yaani 125 kwa moduli ya 251. Pikseli nyeusi, 0, inakuwa 125. Pikseli nyeupe, 250, inakuwa 375, yaani 124. Picha nzima inageuka kijivu kimoja na mwenzake haoni chochote. Mlaghai anaondoka na picha hiyo, nyumbani anapunguza 125 kwenye kila pikseli, na namba halali anayo peke yake. Tuliipima na ikatokea hivyohivyo.

Tiba ipo, ya Tal Rabin na Michael Ben-Or, 1989. Mgawaji anamwekea kila mtu ufunguo wa kukagua vipande vya wenzake: anachagua namba mbili za siri, anazidisha thamani ya kipande kwa ya kwanza, anajumlisha ya pili, na jibu linakuwa mhuri unaokaa na mwenye kipande. Anayebadili kipande bila kuujua ufunguo inabidi abahatishe mhuri. Kwa moduli ya 251 uwezekano wa kupatia ni 1 kati ya 251, ambao ni mkubwa mno kwa fedha za watu. Kwa namba tasa ya 2 kwa kipeo cha 61 ukitoa 1 hakuna wa kupatia. Niliiandika na inafanya kazi.

Hata hivyo tumeiacha. Ukaguzi wote unafanywa na programu ndani ya simu, na simu ni ya yule anayeshukiwa. Mama angebaki kutazama skrini ya mtu mwingine ikimwambia kwamba mambo ni sawa. Tukarudi kwenye plastiki.

9 Machi 2024: Kipande cha nne kisichochapwa

Horng na wenzake walipendekeza njia mbili. Ya kwanza ni kumpa kila mtu plastiki ya ziada ya uhakiki: anapoipandanisha na kipande cha mwenzake, inatokea alama aliyoichagua yeye. Hu na Tzeng walipoirudia mada hii mwaka 2007 walionyesha mashambulizi dhidi ya mifumo ya kinga iliyokuwapo, wakatoa njia ya jumla ya kuukinga mfumo wowote wa aina hii. Nimeisoma na naiheshimu, lakini kwetu ilimaanisha plastiki sita badala ya tatu, na kwenye majaribio zilichanganywa.

Tulichukua njia ya pili: gawa kana kwamba watu ni wanne, halafu kipande cha nne kisichapwe kabisa. Kisanduku sasa kina nukta nne, mbili kwa mbili, jambo lililoondoa na tatizo la picha kutanuka upande mmoja, lililoletwa na nukta tatu zilizopangwa kwa safu. Walaghai wakikuta nukta zao zimetofautiana, zinabaki nafasi mbili, na hawajui ya mwenyekiti ni ipi. Wakibahatisha, nusu ya visanduku vinawakataa.

Tukarudia jaribio. Mweka hazina alitaka kuigeuza 305822 iwe 471196 kama mwanzo, ikatoka madoadoa yasiyosomeka. Tulifurahi. Kisha katibu, aliyekuwa amekaa na karatasi yake kimya, akasema: “Kufuta siwezi. Lakini kuongeza wino naweza.” Akageuza tarakimu ya kwanza, 3, ikawa 8, safi kabisa, bila doa.

Yuko sahihi. Kwenye sehemu nyeupe nukta zote zinakaa mahali pamoja, kwa hiyo walaghai bado wanaijua ya mwenyekiti kwa uhakika, na wanaweza kupageuza pawe peusi wapendavyo. Wanachozuiwa ni kuugeuza weusi uwe weupe. Na tarakimu zetu zinaharibika kwa kuongezewa tu: 3 inakuwa 8, 5 inakuwa 6 au 9, 1 inakuwa 7, 0 inakuwa 8. Kuandika kwa nyeupe juu ya nyeusi hakusaidii, kwa kuwa hapo 8 ndiyo inayozibwa ikawa 3.

Tulijaribu pia visanduku vya nukta sita, vipande vitatu vikiwa havichapwi. Kubahatisha kunashuka hadi 1 kati ya 4, lakini weupe unakuwa nukta moja kati ya sita na weusi mbili kati ya sita, na Mama Mwenyekiti hakuweza kuutofautisha hata kwa tochi. Mambo mawili yanavutana hapa: kila unapoongeza kinga unapunguza kuonekana. Tumebaki na nne.

23 Machi 2024: Kuacha tarakimu, kutumia miraba

Maneno ya katibu yalionyesha pa kupita. Kama mlaghai anaweza kuongeza weusi tu, basi namba iandikwe kwa namna ambayo weusi ukiongezeka unajulikana. Mwandiko wa hivyo upo zamani: mbili kati ya tano. Kila tarakimu inaandikwa kwa miraba mitano, miwili myeusi na mitatu myeupe. Kuna namna kumi tu za kuchagua miwili kati ya mitano, na tarakimu ni kumi. Posta ya Marekani iliutumia kwenye mistari ya anwani za barua, kila nafasi ikiwa na thamani yake: 7, 4, 2, 1 na 0. Msomaji anajumlisha thamani za nafasi mbili nyeusi. Jumla ikiwa 11, yaani 7 na 4, hiyo ni sifuri.

Kwa hiyo 3 ni nafasi za 2 na 1. 8 ni za 7 na 1. Anayetaka kugeuza 3 iwe 8 inambidi aongeze weusi kwenye nafasi ya 7, jambo analoliweza, na afute weusi kwenye nafasi ya 2, jambo asiloliweza. Akiongeza bila kufuta, mstari unakuwa na miraba myeusi mitatu, na mama anayejua kuhesabu mpaka mbili ameshamkamata.

Vipimo tulivyofikia, kwa wanaotaka kunakili: nukta milimita 1.5, kisanduku milimita 3, mraba visanduku vitano kwa vitano, yaani milimita 15. Mistari sita ya miraba mitano inaenea vizuri kwenye A4 na nafasi kati yake. Juu ya kila safu imeandikwa thamani yake kwa tarakimu kubwa.

Mraba una visanduku 25. Ili mlaghai aufute mraba mmoja mweusi bila kuacha doa, abahatishe sawasawa mara 25 mfululizo: nafasi 1 kati ya 33,554,432. Hata mkaguzi akivumilia visanduku vitatu vyenye kasoro kwa sababu ya vumbi au macho, bado ni kama 1 kati ya 12,778. Hapa nilianza kupata moyo.

6 Aprili 2024: Visanduku vitupu

Mweka hazina ndiye aliyeuvunja mfumo safari hii. Hakubahatisha kabisa. Kwenye mraba aliotaka kuufuta aliacha visanduku vitupu, bila nukta hata moja. Vikipandanishwa na kipande cha mwenyekiti inaonekana nukta moja tu kwa kila kisanduku, ile ya mwenyekiti mwenyewe, na nukta moja kati ya nne ndiyo weupe wetu. Mraba mweusi umefutika, mwingine umeongezwa, mstari una miraba miwili tu. Mama akasoma namba ya uongo bila kusita.

Kanuni zote tulizoziweka zilikuwa za kuangalia vipande vikiwa vimeshapandanishwa. Lakini ukikiangalia kipande hicho peke yake, shimo liko wazi: mraba mzima wa plastiki tupu katikati ya nukta. Mlaghai mwerevu zaidi angeacha tupu baadhi tu na kujazia nukta mbili kwingine ili wingi wa nukta ulingane. Nimepiga hesabu hiyo: kila nukta anayoiweka kwenye sehemu nyeusi ina uwezekano wa nusu wa kuangukia juu ya nukta ya mwenyekiti, kwa hiyo maadamu wastani wa kipande chake ni nukta moja kwa kisanduku, mraba unatoka kijivu cha katikati, nukta moja na nusu, vyovyote atakavyozipanga. Kujipanga upya hakumpi kitu. Kinachompa ni kupunguza nukta tu, na hicho kinaonekana.

Tukaongeza plastiki ya gridi: mistari myembamba kila milimita 3, minene kila milimita 15, haina siri yoyote na inatumika daima. Kila kiongozi ana yake. Kabla ya kupandanisha, kipande cha mwenzako kinawekwa kwanza chini ya gridi yako, na kila kisanduku kiwe na nukta moja, si pungufu wala zaidi. Visanduku ni 750. Inaonekana kazi kubwa, lakini macho yanakamata pengo haraka. Anayepitia mraba kwa mraba hachoki.

27 Aprili 2024: Meza, simu na bahasha

Kwa kanuni tatu (gridi, mraba usio na doa, miraba miwili kwa kila mstari) Mama Mwenyekiti alivikataa vipande vyote vya kughushi tulivyomwekea, na vya halali akavikubali. Alikuwa anaweka kidole juu ya kisanduku kilichomtia shaka na kusema, “Hiki hapa, njoo ukione.” Swali lake la Februari limepata jibu: sasa ana kitu cha kuonyesha.

Kisha tukajaribu njia isiyohusu hesabu. Wakati anakiinua kipande chake dirishani kukipangusa, katibu akakipiga picha kwa simu. Kwa picha ile waliijua nukta yake kwenye kila kisanduku, sawa na siku ya kwanza, na kipande walichokitengeneza kilipita kanuni zote tatu. Kwa plastiki peke yake sina kinga ya jambo hili. Kinga inayobaki ni utaratibu wa meza, na tumeuandika kwenye katiba ya kikoba:

Kila kipande kinakaa kwenye bahasha ya kaki iliyofungwa na gundi, yenye saini za viongozi wote watatu juu ya mfuniko. Haifunguliwi kwa sababu yoyote ila kufungua sefu. Simu zinaachwa nje ya chumba. Bahasha mbili zinakaguliwa saini, zinachanwa kwa wakati mmoja, vipande vinawekwa mezani, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kukiondoa cha kwake. Gridi kwanza, kwa pande zote mbili, ndipo kupandanisha. Mlaghai atakiona kipande cha mwenzake, lakini cha kwake kimeshalala mezani.

Namba ikishasomwa imejulikana, kwa hiyo kila baada ya kufungua sefu inabadilishwa namba na kugawiwa seti mpya. Za zamani zinachomwa.

18 Mei 2024: Mgawaji naye akaguliwe

Kanuni zote hizo zinamlinda mshika kipande dhidi ya wenzake, hazimlindi dhidi yangu. Ninayegawa naweza kumpa mwenyekiti kipande kisichopatana na cha mtu yeyote, na siku ya siku akaonekana yeye ndiye mlaghai. Hili nililileta mwenyewe kwenye kikao, na wanachama wakalichukulia kwa uzito.

Tulichofanya: nachapa seti nne, kila moja na namba yake, A mpaka D, kila kipande kwenye bahasha yake. Mama Mwenyekiti anachagua herufi moja mbele ya kikao. Seti tatu zilizobaki zinafunguliwa hadharani, na kila jozi inapandanishwa: mwenyekiti na katibu, katibu na mweka hazina, mweka hazina na mwenyekiti. Jozi zote tatu lazima zitoe namba moja. Seti iliyochaguliwa inatiwa saini bila kufunguliwa. Nikiwa nimeharibu seti moja kwa siri, nafasi yangu ya kupita ni 1 kati ya 4. Kikundi kinachotaka uhakika zaidi kichape seti nyingi zaidi. Kinachoongezeka ni gharama tu.

Namba ya seti iliyochaguliwa bado naijua, kwa kuwa mimi ndiye ninayeiweka kwenye sefu. Kwa sasa sefu iko kwenye chumba ambacho sina ufunguo wake, na naingia nikiwa na viongozi wawili.

Gharama ya kugawa mara moja: vipande 12 kwa shilingi 2,500 ni 30,000, na bahasha 12 kwa 200 ni 2,400. Mara ya kwanza ongeza gridi tatu, 7,500, na ubao na misumari, 5,000. Jumla ya kuanzia ni 44,900, bila kuhesabu plastiki zilizoharibika na ile 15,000 ya kusafisha printa. Kubadilisha namba kila sefu inapofunguliwa ni 32,400, na kwa kikoba kinachofungua kila wiki hiyo ni nzito. Cha kwetu kinafungua sefu mara moja kwa mwezi, fedha ndogo za katikati zikikaa kwenye sanduku la zamani.

Hatua inayofuata ni kupunguza bei hiyo. Vipande viwili vya watu tofauti vinaweza kuchapwa kwenye A4 moja na kukatwa, mradi alama za kutobolea ziwe ndani ya kila nusu. Kipimo cha kwanza kimeonyesha kwamba nusu ya juu na nusu ya chini ya karatasi hazivutwi sawa na joto la printa, tofauti ikifikia karibu nukta nzima kwenye mstari wa sita. Nitajaribu kuvilaza vipande ubavu, vyote viingie printa kwa mwelekeo mmoja, na nitaandika hapa matokeo yakipatikana.